Kina cha Kidoti

Mdomo wangu hauna breki. Mimi nalijua hilo, na watoto wa darasa la kwanza wanalijua zaidi. Wiki ile nilikuwa nawafundisha vina. Nikawaambia, "Vina ni sauti za mwisho zinazofanana. Macho hayana kazi hapa, tegeni masikio. Nikisema paka, wewe sema taka. Haya, kesho kila mtu aniletee neno la kwenda na sura."

Kesho yake wakaniletea chura, wakaniletea bora. Kidoti, tuliyempa jina hilo kwa ile alama ya shavuni, alinyoosha mkono mpaka akainuka kwenye kiti.

"Kura!"

"Safi! Kura za kupiga, siyo?"

"Hapana, mwarimu. Kura chakura. Mama amesema inafaa."

Jamani! Nikacheka. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini wapi! Nikabana pua, nikamwigiza: "Kura chakura, mwarimu!" Darasa zima likaangua kicheko, wakaondoka na maneno hayo mpaka uwanjani. Kidoti akajifunika uso kwa daftari.

Siku tatu hakufungua mdomo. Nikajisemea, atazoea tu.

Ijumaa akaja mama yake, fundi cherehani, vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. Nikajiandaa kwa ugomvi, ugomvi nauweza. Yeye akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mwarimu. Kosa rangu. Jioni nzima tumetafuta maneno, kumbe mimi ndiye niriyemharibia. Sasa hataki nimsaidie tena. Anasema ninamtia aibu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtoto alitega sikio kama nilivyomwagiza, na kwa sikio la nyumbani kwao kina kilikuwa sawasawa. Nikamwambia mama kosa ni langu. Akaitikia "haya" ya heshima tu, akaenda zake.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. "Nilimcheka mwenzenu, nikakosea. Kidoti alisikiliza vizuri kuliko sisi sote. Nisamehe, mwanangu." Wakapiga makofi, naye akatabasamu kidogo. Nikashusha pumzi, nikidhani yameisha.

Jumanne asubuhi nilikuwa mlangoni nawapokea. Mmoja mmoja wakapita: "Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mwalimu." Ikafika zamu ya Kidoti.

"Shikamoo," akasema. Midomo ikaanza kulitafuta neno la pili, kisha akaibana.

"Marahaba," nikajibu. Mpaka leo hajaniita mwarimu tena.