Mji wa Mbao Usio na Watu

"Umemuua," Hannah alisema, akiiokota punje ya mahindi iliyokuwa chini ya kiberiti. "Na huyo alikuwa mama, ana mtoto mgongoni. Rudi nyuma uanze tena."

"Aliruka ghafla."

"Wote huruka ghafla. Anza tena!"

Kihara alikuwa amepiga magoti sakafuni, mwanamume mzima wa miaka arobaini na sita, akisukuma kiberiti kwa kidole kimoja. Chumba chao cha Kangemi kilikuwa kimegeuzwa mji. Barabara zilichorwa kwa chaki, kikombe kilichofunikwa kilikuwa raundabauti, mkebe wa chumvi ulikuwa shule. Viberiti ndivyo magari. Watu walikuwa punje za mahindi, na hao walikuwa ubunifu wa Hannah mwenyewe, kwa sababu aliuliza tangu siku ya kwanza: mji gani huo hauna watu?

Hannah, mkewe, alikuwa ameingia ngumbaru mwaka uliopita, darasa la watu wazima kanisani nyuma ya soko, na sasa alisoma kijitabu cha sheria za barabara kwa kufuatisha kidole, neno kwa neno. Maishani mwake hakuwahi kushika usukani. Kihara naye alikuwa ameendesha lori la maziwa miaka kumi na tisa katika shamba la mzungu kule Limuru. Mzungu alimfundisha kwa matusi na kofi moja la kisogoni, na somo likaingia. Leseni hakuna aliyemuuliza, maana lori lilitoka shambani, likafika stesheni, likarudi. Shamba lilipouzwa, mwenye kulinunua alikuja na dereva wake, mpwa wake.

"Mwenye kutoka kulia kwako," Hannah alisoma, "m-pi-she kwanza. Kwa nini kulia, Kihara? Kwa nini si kushoto?"

"Sijui. Mzungu alisema tu, pisha."

"Na hukumuuliza?"

"Ungemuuliza wewe!"

Wakacheka, lakini swali lile lilimkaa Kihara kichwani. Alikipeleka kiberiti polepole kwenye kikombe, akakileta kingine kutoka kulia, akaona kwamba wote wakiingia bila kupisha aliye ndani, mzunguko unajikaba wenyewe na hakuna atakayetoka. "Alaa!" alisema. Miaka kumi na tisa alikuwa akitii kitu asichokijua. Alifurahi sana, akarudia mara tatu, chai ikapoa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, mwaka wa sabini na nne. Kihara alikuwa taniboi kwenye lori la Bwana Taib, mtu wa Lamu mwenye duka la jumla mjini. Kazi yake ilikuwa kupakia na kushusha magunia ya unga hadi Dagoretti. Dereva Mwololo alikuwa anastaafu kesho yake, anakwenda zake Kitui. Bwana Taib alikuwa amesema waziwazi: "Kihara, ndugu yangu, mimi nakujua u dereva kuliko huyo Mwololo. Lakini wallahi, askari hatazami ujuzi, anatazama karatasi. Niletee karatasi Ijumaa, lori ni lako. Usipoleta, nina mtu mwingine Jumatatu, naye ana taniboi wake."

Kwa hiyo leo ni leo. Akipita mtihani wa leseni, atashika usukani. Akianguka, hata ile kazi ya magunia imekwenda.

Alitembea hadi mjini kwa miguu. Tangu mafuta yapande bei nauli ilikuwa imepanda mara mbili, na sukari ikafuata, na sabuni. Alivaa koti lake la kanisani.

Mtihani ulifanyiwa kwenye chumba kirefu nyuma ya ofisi moja ya serikali. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza, ajabu! mji mzima wa mbao. Barabara zilipakwa rangi nyeusi, majengo yalikuwa vijibanda vyenye madirisha ya rangi, kulikuwa na daraja, na raundabauti ya kijani safi. Kihara alisahau woga. Aliinama akachungulia chini ya daraja kama kuna mto. Ulikuwapo, wa bluu.

"Mzee, usiguse," alisema mtahini. Aliitwa Bwana Joash, kijana mnene mwenye fimbo nyembamba ya kuonyeshea.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa shule ya upili, tai shingoni. Alijibu kwa Kiingereza kama anayesoma ukutani, akakisukuma kigari kutoka pembe hadi pembe bila kusita. Akapita. Akatumwa uani akafanye mtihani wa barabarani.

"Wewe. Toka hapa, pita raundabauti, nenda hapa, park."

Kihara alikishika kigari. Kwenye raundabauti alikipisha kigari cha kulia, na safari hii alijua kwa nini. Akatoka vizuri. Akafuata barabara, akafika penye kijumba kilichoandikwa SCHOOL, neno ambalo Hannah alikuwa amemfundisha kulitambua. Akasimama.

Bwana Joash akangoja. "Endelea."

"Nangoja, bwana."

"Unangoja nini?"

"Hapa ni shule. Ni saa hii watoto wanavuka."

"Watoto wako wapi?"

Kihara alitazama meza yote, kutoka daraja hadi raundabauti. "Hakuna," alisema. Kisha, kwa sababu jambo lile lilimshangaza kwelikweli, akauliza: "Lakini bwana, hawa watu wa mji huu walienda wapi? Hakuna mwenye mkokoteni. Hakuna hata mbuzi. Dereva atajifunza nini hapa?"

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Haikuwa busara, na Kihara aliliona hilo mara tu maneno yalipomtoka. Uso wa Bwana Joash ulivimba.

"Umezuia magari barabarani bila sababu. Na umekuja kunifundisha kazi yangu."

"Hapana, bwana. Nimeendesha lori miaka kumi na tisa, nilitaka tu kujua."

"Kwa laisen gani?"

Kihara akakiachia kigari. Bwana Joash akaandika, akapiga muhuri: HAJUI KUENDESHA. ARUDI BAADA YA MIEZI MITATU. Hakuna mtihani wa barabarani kwa aliyeanguka mezani. Kihara alisimama na karatasi mkononi. Jinsi ya kumwambia Hannah hakujua, Hannah aliyekuwa ameokota kila punje kwa mkono wake.

Alipofika uani alikuta zogo. Yule kijana wa tai alikuwa amelitia lori la mtihani katikati ya lango, limekaa mshazari, ubavu karibu unagusa nguzo. Injini ilikuwa imezimika mara nne. Kijana alikuwa ameshuka, jasho linamtoka, na mbele ya lori, nje ya lango, gari la mkubwa wa ofisi lilikuwa likipiga honi.

Bwana Joash alitoka mbio, akaangaza macho, akamwona Kihara.

"Mzee! Wewe si umesema lori unalijua? Kuja utoe hii kitu haraka, mkubwa amechelewa."

Mikono ya Kihara iliwasha. Aliona hapo hapo kosa lilipo: tairi za mbele zilikuwa zimekatwa kushoto. Kata kulia mzunguko mmoja na nusu, rudi nyuma hatua tatu, limetoka. Hata angeshukuru kushika usukani kidogo.

"Nikilitoa, bwana, utanipeleka barabarani nifanye mtihani?"

"Hayo ni mambo mengine. Karatasi imepigwa muhuri. Toa lori kwanza!"

Kihara alikunjua karatasi yake, akamshikia mbele ya macho.

"Mimi sijui kuendesha, bwana," alisema kwa adabu. "Umeandika mwenyewe."

Honi ikalia tena. Kihara aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti la kanisani, akapenya kwa ubavu kati ya bampa na nguzo ya lango, akaingia mjini kwenye watu.