Wimbo Uliobebwa Mgongoni

Selestini hakuwa mwimbaji, na watu wa Newala walikuwa hawajamsamehe kwa hilo. Gitaa alilipiga likalia, likacheka, likanguruma. Roki kaichanganya na ngoma za kwao na jazi kidogo. Lakini mdomo wake, kimya! Juzi tu pale Masasi mzee mmoja alimfuata nyuma ya jukwaa akamuuliza, "Mwanangu, unaumwa koo?" Selestini akacheka tu. Kichwa kilikuwa kimeshavimba. Dar es Salaam walimjua, Ulaya alishakwenda, na kilichompeleka huko kilikuwa kipande kimoja, "Ndoto ya Newala". Kila alipohojiwa alisema alioteshwa usingizini. Alioteshwa! Haya, tusikilize.

Mama yake, Veridiana, alikuwa kungwi. Mabinti walipoingia unyagoni, ni yeye aliyeitwa kuwaimbisha, na hakuna heshima aliyoipenda kuliko hiyo. Nyimbo za mle ndani haziimbwi barabarani wala hazisikilizwi na mwanamume, awe mumeo, awe padri. Kila mtu Newala analijua hilo. Muziki wa mwanawe mama alikuwa hajawahi kuusikia, maana simu yake ilikuwa kitochi na redio iliishiwa betri zamani.

Basi alasiri Selestini aliyokuja kupiga uwanjani Newala, mama alikaa mbele na kitenge kipya, kati ya makungwi wenzake, ubavuni mwa mkubwa wao, Bibi Stamili. "Yule ndiye mwanangu," akawa anawaambia hata waliomzalisha.

Vipande vya kwanza watu walivivumilia. "Ataimba saa ngapi huyu?" wakaulizana. Halafu akaanza "Ndoto ya Newala", vijana wakapiga miluzi, naye akamtazama mama yake aione furaha yake.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Makungwi wakaacha kuongea. Mmoja akajifunika khanga usoni akainuka, mwingine akamfuata, wa mwisho Bibi Stamili. Benchi zima akabaki Veridiana peke yake, anatazama chini.

Hapo ndipo Selestini alipokumbuka. Giza la khanga, jasho la mgongo wa mama, miguu ya wanawake ikitwanga udongo. Alikuwa mdogo, homa imemshika, mama hana wa kumwachia, akaingia naye unyagoni kimya kimya. Loo! Ndoto gani? Ule ulikuwa wimbo wa wali, wale mabinti wa unyagoni, noti kwa noti. Aibu ikampanda toka miguuni, lakini vidole havikusimama. Alipiga mpaka mwisho na akapigiwa makofi.

Aliposhuka alimkuta Bibi Stamili anamsubiri, na mama nyuma yake. Pembeni alisimama Furaha, mtangazaji wa redio, kinasa sauti mkononi, alikuwa amekuja kwa mahojiano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wimbo ule wa mwisho umeutoa wapi?"

Selestini akaushusha mkanda wa gitaa begani.

"Kama uliusikia utotoni, sema," bibi akaendelea, kwa upole kabisa. "Mtoto hana kosa. Utatutolea kuku, utauacha, yaishe."

Utauacha. Neno hilo ndilo lililomkwama. Auache, abaki na nini? Bila ule wimbo yeye ni mpiga gitaa kama wengine, tena asiyeimba. Akakitazama kile kinasa sauti cha Furaha, taa yake nyekundu inawaka.

"Nimeutunga mwenyewe, bibi. Nilioteshwa."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Wa Selestini, ulionyamaza miaka yote jukwaani, siku ulipofunguka ulimponza mama yake.

Bibi Stamili akageuka taratibu. "Wimbo hauoti kama uyoga. Mama Selestini, basi ni wewe uliyemfundisha?"

Veridiana alimtazama mwanawe. Alimpa nafasi, jamani, alimtazama muda mrefu. Selestini akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Ni mimi," mama akasema.

Asubuhi Selestini alimkuta uani, anabangua korosho zilizochomwa, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda. Siku zote kazi hii aliifanya akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu. Leo ilisikika fimbo tu, ko, ko.

"Mama, nakwenda kwa Bibi Stamili nikaseme ukweli."

"Ukaseme nini, baba? Umeshasema redioni. Maji yakimwagika hayazoleki." Akapasua korosho nyingine. "Makungwi walikuja alfajiri. Unyagoni sitaingia tena, na wimbo ule nisiutie kinywani mpaka naingia kaburini."

Selestini akachuchumaa mbele yake. Alitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe pale pale, ukiwa unafunga kiatu." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Nenda kapige. Ni wako sasa."

Kwa jirani redio ikafunguliwa. Furaha akatangaza fahari ya Newala, mtunzi aliyeoteshwa, na gitaa likaanza. Midomo ya Veridiana ikafunguka yenyewe, kama ilivyofunguka mbele ya mabinti miaka yote. Halafu akakumbuka, akaiziba kwa kiganja cheusi, na wimbo ukaendelea bila yeye.