Ukoga Uliokula Majivu

Wakati wa Wabeleji, kampani ilipoweka mashine ya kusaga mawe ya dhahabu upande wa Salamabila, maji yake machafu yaliteremka kwa mfereji hadi mto wa kijiji. Samaki walikufa. Chifu akapeleka malalamiko ili mfereji uhamishwe, na watu wakawa wanangoja jibu. Siku ya Jumanne Mama Feza alikuwa anachuja chumvi, kama Jumanne zote: amechoma majani ya mtoni, majivu yake yako kikapuni, anayamiminia maji kidogo kidogo, na chungu kinapokea tone kwa tone. Ndipo ukoga wa mto, ule utelezi wa kijani unaofunika mawe, ulipopanda njia na kusimama mlangoni.

Ulikuwa mpana kama mkeka wa watu wawili, umelowa, kijani chake kimepauka pembeni.

"Hodi."

"Karibu. Kaa kivulini, utakauka."

Safi, jirani yake, alipita kurudisha mchi. "Uko na mugeni, mama?"

"Iko ukoga wa muto."

"Aa. Basi umuambie ajikusanye, watu watateleza hapa."

Ukoga ulieleza shida yake bila kulia. Maji ya mashine yalikuwa na shaba, na shaba ilikuwa inauma. Ila haikuuma sawasawa kila mahali: penye mawe ya chokaa iliuma kidogo, na baada ya mvua iliuma kama siafu.

Mama Feza hakuwa mtu wa kumeza neno bila kulitafuna. Alikata vipande vitatu vya mgeni, kwa ruhusa yake, akavitia katika vyungu vitatu: kimoja cha maji ya mvua, kimoja cha maji ya kisima chenye chokaa, kimoja cha maji ya majivu. Kila chungu akakiongezea kata moja ya maji ya mfereji. Ugali haujaiva, kipande cha mvua kimekuwa cheupe, kimekufa. Cha kisima kinahema. Cha majivu kinapiga mapovu!

"Safi, kimbia! Kitendawili!"

"Tega!"

"Namlisha majivu, ananirudishia pumzi!"

Safi hakuomba mji. Alichungulia chunguni, akapiga kigelegele, akaenda kuzoa majivu ya jiko lake.

Kabla ya saa sita wanawake wote walikuwa njiani na majivu: ya jikoni, ya shambani, hata ya chumvi ambayo haijachujwa. Waliimba, walisukumana. Marie-Louise aliteleza na kikapu chake, akainuka mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Muniamkie!" akapiga kelele. "Leo miye ndiye bwana wa kampani!"

Ukoga ukarudi majini, ukatanda mpaka darajani, ukang'aa, mapovu yakipasuka kama mahindi kikaangoni.

Alhamisi Pierre, karani wa kampani, alifika na baiskeli. Akasimama darajani, akavua kofia.

"Mama Feza, nani amefanya hivi?"

"Siye."

"Kesho bwana anakuja kutazama muto. Angekuta maji yamekufa, angehamisha mufereji. Mungengoja kidogo tu."

"Mugeni anakuja na njaa, miye namuambia angoje Ijumaa?"

Pierre alivaa kofia yake.

Ijumaa bwana alikuja, akachovya fimbo, akaona kijani, akafurahi kabisa. Mama Feza akamwendea.

"Bwana, shaba iko mule mule. Tumeifunga mudomo tu."

Pierre alitafsiri vizuri, neno kwa neno.

"Kama imefungwa mdomo, hakuna shida," bwana akasema, akaandika kwamba maji ni mazima.

Jumapili mvua ilinyesha, majivu yakachukuliwa kuelekea mto mkubwa, Lualaba. Jumatatu asubuhi, mlangoni kwa Mama Feza:

"Hodi."

"Karibu."

Tangu hapo majivu yote yalikwenda mtoni; kijiji kilikula bila chumvi, au kilinunua ile ya duka la kampani. Majani ya mtoni yaliisha, yakafuata mabua ya mahindi, kisha ua wa nyumba. Mfereji haukupumzika. Ua ulipokwisha, Mama Feza aling'oa mlango wake akauchoma. Mgeni mwenyewe alikuwa ameshaacha kupiga hodi; aliingia tu, kama mtu wa nyumba.