Mruko wa Paka

"Wallahi, billahi, watallahi, haya nnayowaambia ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata ya kuonjea," aliapa Mzee Msabah, akailaza fidla yake mapajani kama mtu anayempakata mtoto aliyeshikwa na usingizi. "Ustadh Kificho alikuwa amekaa pale pale alipokaa Wakil na dumbaki lake, anaitunga bashrafu. Kafika sehemu ya tatu, sauti zinapanda, zinapanda, mara paka huyo! Karuka kutoka juu ya boriti, katua katikati ya kinanda cha kanuni. Nyuzi zote zikalia kwa pamoja. Mwengine angelimfukuza. Ustadh akamtazama paka, akaitazama fidla, akaniambia, 'Msabah mwanangu, mnyama huyu kanimalizia kazi.' Ndipo ulipozaliwa mruko wa paka."

Wapigaji wapya wa klabu ya taarabu ya Raha ya Moyo, waliokuwa wakinywa kahawa huku wakisubiri mazoezi yaanze, walicheka hadi vikombe vikatikisika.

"Leo paka wa rangi gani, Mzee?" aliuliza Wakil. "Juzi ulisema mweusi."

"Mweusi alikuwa juu. Alipotua alikuwa kijivu, kwa vumbi la boriti."

Wakil akaigonga ngoma yake ya dumbaki mara moja, kama hakimu anayefunga kesi.

Usingeweza kumlaumu mtu kwa kuipenda hadithi ile. Kila bashrafu ile, muziki mtupu usio na mwimbaji, ilipopigwa katika ukumbi wa ghorofani pale Kiponda, wasikilizaji waliungojea mruko kama watu wanaoungoja mwezi. Fidla zilipanda hatua kwa hatua, kisha ghafla, bila ya taarifa, zikajikuta mahali pengine kabisa, na ukumbi mzima ukaguta, "Paka huyo!" Wageni walirikodi kwa simu zao. Na mbele ya fidla zote, kwenye kiti cha kwanza, alikaa Msabah, kofia imeinama kidogo upande wa kushoto, akijua vyema kwamba katika watu waliobakia duniani yeye peke yake ndiye aliyeipokea bashrafu ile kutoka kwa mwenyewe.

Alikuwa fundi wa umeme. Ujanani aliingia klabuni kurekebisha taa, akasikia fidla ikilia, akashuka kwenye ngazi na hakutoka tena. Hakuna aliyemshika kidole kumwonyesha. Ustadh alipofariki, na wenziwe wakamfuata mmoja baada ya mwengine, kilichobakia kilikuwa kanda moja ya kaseti yenye bashrafu ile. Msabah aliisikiliza masika nzima, akiirudisha nyuma na kuipeleka mbele, mpaka kila sauti ikahama kutoka kwenye kanda ikaingia vidoleni mwake. Alama za muziki aliziita mbegu za papai. "Zimemwagika karatasini," alikuwa akisema, "na watu wazima wamekaa wanazihesabu."

Hii ndiyo sababu hakufurahi katibu wa klabu alipomleta Nadhira.

Nadhira alikuwa msichana wa Mkokotoni, mwanafunzi wa chuo cha muziki hapo mjini, mpole wa sauti lakini mwenye macho yasiyopepesa. Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi kuisema: aiandike bashrafu ya Ustadh Kificho, ili vijana waliojiunga na klabu waijue kabla ya onyesho la sikukuu, na ili isije ikazikwa pamoja na mtu. Maneno ya mwisho katibu aliyasema kwa sauti ya chini, lakini masikio ya Msabah ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote.

"Shikamoo, Babu," alisema Nadhira, akiweka karatasi zake juu ya kiguzo cha kusomea muziki.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nnaambiwa umekuja kunichukua vipimo vya sanda."

"Hapana, Babu. Nimekuja kukusikiliza."

Jibu lile lilimkata makali. Akapiga. Nadhira akaandika, kichwa kimeinama, penseli ikikimbia. Mara alimsimamisha.

"Hebu nirudilie hiyo. Sauti ile iliyo baina ya hizi mbili."

Msabah akairudia, kwa maringo kidogo. Msichana akaandika, akafuta, akaandika, akashusha pumzi.

"Sauti yenyewe nimeipata. Lakini ule mteremko wako kabla ya kuifikia, Babu, kama mtu anayevua viatu mlangoni ndipo aingie... karatasi yangu haina pahala pa kuuweka."

"Ndiyo hivyo," alisema Msabah, kifua kikimpanda. "Ndiyo hivyo, mjukuu wangu. Andika hapo: kamuulize Msabah."

Akacheka mwenyewe. Lakini kicheko kilimkauka pale Nadhira alipoichukua fidla yake, akaukazia macho ukurasa, akapiga sehemu ya kwanza yote tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukosea. Alichokisikia mara moja tu alikirudisha kizima. Msabah alikumbuka masika ile, kaseti na penseli ya kuizungushia, sauti moja ikimtoroka siku nzima kama kuku asiyetaka kuingia bandani. Aliyatazama yale macho yaliyokuwa yakitangulia mbele ya upinde, yakiyaona leo ya kesho.

Muziki yeye aliujua kama alivyoujua mji: kwa miguu. Mfunge kitambaa usoni, atakutoa mtaa wa Malindi akufikishe Mkunazini kwa kupapasa kuta, kwa harufu ya mkate wa kumimina kona hii na sauti ya cherehani kona ile. Lakini hakuwahi kuiona mitaa yote kwa pamoja, jinsi uchochoro unavyojipinda ukakutana na mwenziwe uliomkimbia. Msichana huyu alikuwa amesimama juu ya paa. Na mandhari ya huko juu, Msabah alilazimika kukiri moyoni, yalikuwa mazuri kupita alivyodhani.

Walipofika kwenye mruko wa paka, penseli ilisimama.

"Tena, Babu."

Akapiga tena. Wakil, aliyekuwa akiwafuatia kwa dumbaki, akajikwaa pale pale anapojikwaa siku zote, akainuka, akaendelea.

"Hapa pana kitu kimepotea," alisema Nadhira.

"Hapo pana paka."

"Kila sehemu ya bashrafu hii ina duru nne za dumbaki, mizunguko minne kamili. Hii ina mbili na kipande. Duru ya tatu imekatwa katikati, Babu. Kuna duru nzima na ushei haipo. Huu si mruko. Hili ni shimo."

Wakil akazikuna ndevu zake. "Mimi nnasema kweli," alisema taratibu. "Miaka yote hii pale nnameza mapigo kama mtu anayemeza kidonge bila ya maji. Nikidhani ubovu ni wangu."

"Ubovu ni wako!" Msabah alisimama. Damu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Kama pale palikuwa na shimo, yeye aliyejiita mlinzi alikuwa akilinda nini? "Sikiliza, bibi we. Nimekaa kiti hiki tangu mama yako hajazaliwa. Ukinithibitishia kwamba mimi na hii fidla tumesema uongo, kiti chukua wewe. Mimi nitakwenda kukaa kile cha nyuma kabisa, nijifunze hizo mbegu za papai zako kuanzia alifu. Wakil shahidi."

"Nshasikia," alisema Wakil, kwa furaha isiyofichika.

Nyumbani alimkuta mkewe, Bi Mize, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alimweleza yote, akimwiga msichana kwa pua, akimwongezea kiburi ambacho hakuwa nacho. Bi Mize alimwacha amalize.

"Si ile kanda iliyokatika?" alisema.

"Kanda gani?"

"Msabah! Mashine ikaitafuna, ukakaa sakafuni unalia kama uliyefiwa. Ukakata kipande kilichokunjika, ukaunga kwa rangi yangu ya kucha. Chupa nzima! Nilikwenda harusini kwa kina Biasha na kucha tupu kama mgonjwa."

"Na paka?"

"Paka wapi? Ustadh Kificho akipiga chafya akiona paka. Hata jina lake hataki litajwe." Alimtazama mumewe, mkono ukasita juu ya nazi, uso ukalainika. "Kwani ulishaanza kumwamini paka wako mwenyewe?"

Msabah alikaa barazani mpaka chai ikapoa. Ajabu ni kwamba alimwona paka yule, hata sasa alimwona: mkia, vumbi, na ule mshangao wa kanuni. Kilichokuwa kwenye kipande cha kanda kilichotupwa hakukisikia hata kidogo. Alijaribu. Alirudi hadi siku ya ngazi na taa, akasimama katikati ya ukumbi wa ujanani mwake, akatega sikio. Ustadh alinyanyua upinde. Sauti zikapanda, zikapanda. Kisha kimya, na rangi nyekundu ya kucha.

Mtu mwengine angelikwenda klabuni akanyoosha mikono juu. Msabah alikwenda klabuni amepiga pasi kanzu.

"Nimekumbuka!" alitangaza mlangoni. "Haki ya Mungu, nimekumbuka! Kipande kilichopotea kimenijia chote. Shika penseli, mjukuu wangu."

Akafumba macho, akapiga. Ilikuwa polepole, yenye majonzi, ikishuka kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba aliyoiuza. Ikajaa vizuri mle shimoni; dumbaki la Wakil likapita bila ya kujikwaa kwa mara ya kwanza, na Wakil mwenyewe akajipangusa macho kwa ncha ya mkono wa shati. "Huyo ndiye Ustadh," alinong'ona. "Huyo ndiye Ustadh hasa." Vijana wakapiga makofi. Msabah akafumbua jicho moja.

Nadhira alikuwa haandiki tena. Aliutazama ukurasa, kisha akafungua mkoba, akatoa ukurasa mwengine, akaziweka zote mbili bega kwa bega. Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo wake, likataka kurudi, likashindwa.

"Babu," alisema, "huu nshauandika."

"Umeuandika vipi, nami leo ndiyo kwanza—"

"Wimbo wa harusi mnaoupiga kila Ijumaa. Kile kipande cha kumtolea bibi harusi. Umeupunguza mwendo na ukaushusha sauti, lakini tazama." Kidole chake kilipita juu ya mbegu za papai, ukurasa huu, kisha ule. "Panda, panda, shuka, zunguka, shuka. Umbo ni lile lile."

Msabah akasogea. Hakujua kusoma hata alama moja, lakini macho alikuwa nayo, nayo macho yalimsaliti: madoa ya ukurasa wa kwanza na madoa ya ukurasa wa pili yalipanda na kushuka sawasawa, kama nyayo za mtu mmoja aliyepita mara mbili. Masikio yote ya ukumbini, yakiwamo ya Wakil aliyelia, yalikuwa yamedanganyika. Msichana alimkamata kwa kutazama tu.

"Bibi harusi!" Wakil aligutuka. "Umeniliza kwa bibi harusi, Msabah?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi mtaani. Msabah aliwangojea watosheke. Alipogundua kwamba naye anacheka, tena kuwashinda wote, ilikuwa imeshachelewa kujinunisha. Akazitazama tena zile kurasa mbili zilizowekwa bega kwa bega.

"Subhanallah," alisema. "Hizi mbegu zina macho."

Kisha akakichukua kitambaa chake cha kufutia fidla, akavipita viti vyote, akaenda kukaa cha nyuma kabisa, jirani ya dirisha. Kiti kile kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nadhira alitaka kumzuia. Msabah akamkatiza kwa kidole.

"Nimeapa, mwanangu. Cha mwanzo chako. Nipe alifu yangu."

Nadhira alimchorea mistari mitano na doa moja. Uzi mtupu, alimwambia, bila ya kidole. Msabah akaupiga, macho hayabanduki kwenye lile doa, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Vijana waliokuwa mbele yake walijitahidi kutogeuka. Akaupiga tena. Uzi ule ule alioupiga miaka yote, na leo ulikuwa na mahali unapokaa, mahali angeweza kuuacha, akaondoka, na ukabaki.

Jioni ile walipoijaribu bashrafu nzima, Nadhira aliwaambia wapigaji kwamba shimo halitazibwa. Pale pa mruko fidla zingenyamaza, dumbaki lipite peke yake mpaka duru zitimie, ndipo warejee. Karatasini mwake alikuwa ameacha mistari mitupu, myeupe, bila hata doa.

Wakapanda, wakapanda. Hakuna aliyeguta. Pinde zote zikainuka kwa pamoja, na dumbaki likabaki linatembea ukumbini kama mtu anayepita kwenye nyumba isiyo na watu. Kwenye kiti cha nyuma, Msabah alihesabu kwa midomo, kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu. Hakuwahi kuwa kimya pale. Mkono wa kulia ulikuwa gotini na upinde wake. Wa kushoto ulikuwa shingoni mwa fidla, na bila ya kuamrishwa kidole chake cha tatu kilishuka juu ya uzi, kikateleza kidogo, kikasimama mahali ambapo katika bashrafu ile hakijapata kusimama. Kikangoja. Kisha cha pili kikakifuata.

Wakil alimwona. Duru zilikuwa zimetimia, na Nadhira alikuwa ameshanyanyua upinde wa kurejea. Wakil hakuifunga duru. Akamtupia jicho yule mzee wa nyuma, akaanza duru nyengine, kuvingojea vidole vile.