Baragumu la Pili

Baragumu la pili lilipolia, Fuatino alianza kile kilio ambacho mama yake, Talalupe, alikiogopa kuliko kimbunga.

Talalupe hakuhitaji kuambiwa. Mtoto alikuwa wa miezi mitano, moyo wake una tundu na mshipa wa kwenda mapafuni ni mwembamba mno. Watoto wa wenzake wakilia hupewa ziwa. Wake akilia hubadilika rangi. Akamkunja magoti mpaka kifuani na kumbana hapo, kama nesi alivyomfundisha. "Rangi isiporudi upesi, mlete hospitali," nesi alisema. "Usingoje."

Kusema ni rahisi. Baragumu la pili likishalia, kijiji kizima huketi kwa sala ya jioni, na hakuna anayekanyaga barabara mpaka lilie la tatu. Vijana husimama kando ya njia na fimbo, na hata mgeni mwenye gari husimamishwa.

Mama mkwe wake, bibi Matalena, alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo.

"Keti, mwanangu. Ni dakika kumi tu. Sisi tunamwita Mungu, wewe unamkimbia?"

"Mama, mtazame midomo!"

"Nimelea tisa mimi. Mtoto kulia si ajabu."

Talalupe akaketi. Hilo ndilo alilojilaumu kwalo baadaye: aliketi, na akaimba ubeti wa kwanza wote, kwa sababu tangu utotoni baragumu hilo likilia miguu yake hujikunja yenyewe. Kwenye ubeti wa pili Fuatino alinyamaza. Kichwa kililegea, na kucha zake zikawa rangi ya biringanya.

Akatoka mbio.

Nyumba za kijiji hazina kuta, kwa hiyo kila nyumba ilimwona. Pulefano, mdogo wa mumewe, alimkingia fimbo barabarani.

"Shemeji, umerukwa na akili? Chifu Maulolo yuko pale, anatuona!"

"Na atuone. Washa gari lake."

"Gari la chifu? Watu wakiwa kwenye sala? Unataka nifukuzwe kijijini nikaishi na popo?"

Talalupe akamfunua mtoto. Pulefano alichungulia mara moja tu, fimbo ikamdondoka, akaikimbilia pikapu ya chifu. Injini iliponguruma, nyimbo zilikatika nyumba hadi nyumba.

Hospitalini Fuatino aliwekewa hewa ya mtungi, na taratibu rangi ikarudi midomoni. Daktari hakumficha mama yake.

"Kaponea chupuchupu. Safari ya kupasuliwa Nyuzilandi ni baada ya wiki tatu. Mpaka hapo, hili linaweza kurudi siku yoyote."

Talalupe alirudi kijijini na mtoto siku iliyofuata. Baraza la machifu lilikuwa limekaa asubuhi hiyo, naye hakuwa na hata nguruwe mmoja wa kulipia faini. Pulefano ndiye aliyeleta hukumu, huku akijikuna kichwa.

"Chifu kasema huna adabu hata kidogo, shemeji. Halafu kasema pikapu ilale kwenu, na mimi niilinde."

Jioni ile gari liliegeshwa mbele ya nyumba, pua yake ikitazama barabara. Baragumu la pili likalia. Bibi Matalena, ambaye hakuwahi kukosa sala ya jioni hata alipofiwa na mumewe, alifunga kitabu chake. Akachukua blanketi la mtoto, akapanda garini, akaketi kando ya Pulefano na kuliweka mapajani.

"Imba wewe, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Sisi tupo hapa."

Talalupe alitaka kumshukuru, akashindwa. Kwa miezi mitano alikuwa akiomba mtu amwamini. Muda wote huo, kila mkwewe alipomwambia anajitisha bure, alikasirika, lakini moyoni alipata pa kujificha. Sasa hakuna aliyemwambia hivyo tena. Kama bibi Matalena mwenyewe ameacha sala na anangoja, basi ni kweli mtoto wake anaweza kufa.