Mama Darubini na Kiunzi Chekundu

Kocha mgeni hakupiga kelele, na hilo peke yake lilitosha kumtia Mama Darubini wasiwasi. Kocha wa zamani alikuwa akifoka kutwa nzima, "Visigino chini! Mgongo wima!" mpaka sauti inamkauka, na mzazi aliyesimama nje ya ua alijua fika kwamba kazi inafanyika. Huyu wa sasa alizunguka katikati ya uwanja wa farasi mikono nyuma, macho chini, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Mtoto akimaliza kuruka, badala ya kumwambia alikokosea, anamuuliza, "Umesikia nini hapo?"

"Anamuuliza mtoto!" Mama Darubini alimwambia mdogo wake, mjomba wa binti yake, aliyewaleta kwa gari. "Angekuwa anajua, angeuliza?"

"Dada, mwache mtu afanye kazi yake," Mjomba alijibu bila kufumbua macho. Alikuwa amejilaza kwenye nyasi, kofia usoni.

Jina la Darubini alipewa na wazazi wenzake, maana hakuna kilichompita. Mkanda wa tandiko ukilegea, yeye ndiye wa kwanza kuona. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na farasi machoni pake hakuwa mnyama wa fahari hata kidogo. Alikuwa mifupa ya watoto inayosubiri kuvunjika.

Na mmoja ulishavunjika. Mwaka uliopita binti yake, aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake, alirushwa na farasi mbele ya kiunzi chekundu, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Ulipounga, mama na mwana waliwekeana ahadi. Kijiti angeruhusiwa kuja kwenye mafunzo haya ya siku tatu, lakini akianguka tena, hata mara moja, anavua helmeti mwenyewe, anamkabidhi mama, na habari ya farasi imekwisha. Kijiti alikubali haraka mno. Hilo nalo mama alilitilia shaka.

Farasi wake, yuleyule aliyemrusha, aliitwa Shemeji, kwa sababu alizoea kuingiza kichwa kwenye ndoo ya kila mtu bila kukaribishwa. Alikuwa mpole, mnene kidogo, na viunzi vingine vyote aliviruka bila neno. Lakini tangu ile ajali, kila akifika kwenye kile chekundu anapinda kuelekea kwenye ua na kugoma, kwato zimekita mchangani. Siku ya kwanza aligoma asubuhi nzima.

"Shemeji kaghairi tena," Mjomba alisema.

Mama Darubini hakucheka. Alikuwa ameona kitu. Shemeji alipogoma, kila mtu alimtazama farasi, isipokuwa kocha. Kocha alimtazama yeye.

Mchana watoto walishushwa wakaambiwa wabebe miti ya viunzi. Kila mmoja alitakiwa ampangie mwenzake kiunzi, kisha aeleze kwa nini amekiweka pale na si mbele kidogo. Kijiti alikokota mti uliomzidi urefu, huku akibishana na mwenzake. Mama alifura. Mwanawe alikuja kujifunza kuruka, sasa amefanywa kibarua! Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumtolea kocha uvivu, mwenyewe akamjia.

"Mama, samahani. Naomba usogee upande ule wa pili. Jua la hapa litakuumiza."

Mama akatazama juu. Wingu lilikuwa limetanda mbingu nzima.

Alisogea, kwa sababu mtu mzima haanzi ugomvi mbele ya watoto. Watoto wakapanda tena. Shemeji akaja, safari hii akapindia upande wa pili, akagoma palepale alipokuwa mama. Kocha akaitikia kwa kichwa, peke yake, kama mtu aliyepata jibu.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kocha mwenyewe alimletea kikombe, akamwongoza hadi chumba cha chai, akamsifia viti vya mle. Viti vilikuwa vizuri kweli, ila dirisha la upande wa uwanja halikuwapo. Alipotoka kidogo kunyoosha miguu, aliwakuta Kijiti na kocha wananong'ona kando ya banda. Walipomwona wakanyamaza. Kijiti akaanza kumchana Shemeji mkia ambao ulishachanwa.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Habari za mkia, mama."

Basi akajua anafichwa. Na kocha anamficha mzazi kitu gani zaidi ya kuanguka kwa mtoto? Wanapandisha miti juu, mtoto anaanguka, wanampangusa vumbi, mama anaitwa mwisho kupiga makofi. Jioni alimkanda Kijiti mabega kwa mafuta, lakini ukweli ni kwamba alikuwa akimkagua. Hakupata hata mkwaruzo. Shaka haikupungua. Ilimzidi tu.

Siku ya mwisho alikwenda kwenye chumba cha chai kwa adabu zote. Akanywa mafunda mawili, akaacha kikombe mezani, akatokea mlango wa nyuma. Alijibanza ndani ya banda, jicho kwenye ufa wa mbao, huku farasi wa watu akimtafuna ncha ya mtandio.

Akamwona Kijiti anakuja. Hakutazama ua. Alitazama mbele, mbali kupita kile kiunzi chekundu, kana kwamba kuna mtu anamngoja huko. Shemeji akajikusanya, akaruka. Mti haukutikisika. Mtoto alishuka upande wa pili akicheka kwa sauti, na mama hakukumbuka lini mara ya mwisho alikisikia kile kicheko.

Furaha haikumkaa hata kidogo, kwa sababu papo hapo aliona kocha anapandisha mti, na Kijiti anageuza farasi aje tena. Ndiyo hii! Ndiyo waliyokuwa wakimficha! Akatoka bandani mbio, mtandio umeliwa upande mmoja.

"Kijiti! Hicho kimezidi!"

Kijiti akageuza kichwa. Shemeji akageuka naye, akakita kwato, na mtoto akateleza shingoni mwake hadi chini.

Mama alifika kabla vumbi halijatulia. Vidole vyake vikapita kwenye mtulinga, begani, mbavuni. Mzima. Kijiti akasimama, akatema mchanga, akafungua kamba ya kidevuni, akavua helmeti na kumnyooshea mama. Hakulia.

Mama hakuipokea. Akamgeukia kocha. "Ulikuwa unanificha kwa nini?"

Kocha akafungua mdomo, Kijiti akamwahi.

"Usimgombeze, mama. Mimi ndiye niliyemwomba akuondoe."

"Mimi? Uniondoe mimi?"

"Aliniuliza nikifika kwenye kiunzi natazama wapi. Nikamwambia nakutazama wewe, nione kama unaogopa." Akafuta mdomo kwa mkono. "Kila mara unaogopa. Na Shemeji anakwenda ninakotazama."

Hata Mjomba alikuwa ameshaketi. Mama akakumbuka siku ile ya mwaka jana, alikokuwa amesimama. Alikuwa kwenye ua, jirani kabisa na kiunzi chekundu, kiganja mdomoni. Iliuma. Miaka yote hii alijiona yeye ndiye anayemkinga mtoto.

Akaichukua helmeti. Akaikung'uta mchanga, akamvisha Kijiti tena, akaifunga kamba na kuivuta mara mbili kama kawaida yake.

"Hii haihesabiki," alisema. "Hii nimeanguka mimi."

Kisha akarudi kwenye chumba cha chai. Mjomba akamfuata hadi mlangoni, akasimama pale akichungulia uwanjani.

"Dada, nikuhadithie?"

"Nyamaza."

Alikaa, akauelekea ukuta. Kwato zikaanza mbali, zikasogea, zikashika kasi. Halafu zikakatika. Mama Darubini alishika kikombe kwa mikono miwili, na hakugeuka. Kwato zikagusa chini upande wa pili, zikaendelea, na nyuma yake kile kicheko. Akanywa chai yake, iliyokwisha kupoa, mpaka ikaisha.