Ncha ya Kumi na Mbili

Mzee Kamuyu anasinzia kitini baada ya githeri ya mchana, kofia yake ya reli kichwani, mkebe wa ncha za mawe za mishale na mikuki mapajani na wasiwasi mmoja moyoni. Saa kumi Daktari Nasieku wa makumbusho anakuja kuchukua ncha kumi na mbili ambazo mzee anadai aliziokota alipokuwa msimamizi wa genge la reli. Kumi na moja ni za kale kweli. Moja aliichonga mwenyewe, utani tu, akaichemsha kwa magadi mpaka mng'ao ukafa, akaichanganya na nyingine, na sasa hata yeye haitambui. Ikienda hiyo, zote zitashukiwa. Anachungulia mkebe, na mdomo wa mkebe unapanuka, unakuwa mdomo wa handaki la reli, naye yumo ndani, anakanyaga mataruma yanayobeba reli, na kila taruma ni miaka mia. Hesabu inampotea. Mbele yake amesimama mtu wa bendera ya kijani, kofia ya reli kichwani, na chini ya kofia hamna uso, laini kama yai. Bwana, njia hii inaenda wapi? anauliza Kamuyu. Unakotoka. Kituo kiko mbali? Kimekupita mara mbili, shika mkebe wako. Handaki linamtema kwenye mji wa jiwe jeusi la kioo, kuta, paa, barabara, na kila ukuta una Kamuyu wake, huyu kijana, yule bado hajazaliwa, na barabara zinahama kila anapopepesa macho. Ka, ka, ka. Watu wasio na nyuso wameketi wakichonga mawe, maelfu kwa maelfu mpaka macho yanapoishia, na Kamuyu anavua kofia. Wanakuja mmoja mmoja kuchukua ncha zao. Hii nyembamba kama ukucha ni ya mshale, anasema Kamuyu, miaka elfu tano. Mwenyewe anaipokea, mabega yakicheka. Hii pana ya pembe tatu ni ya mkuki, elfu hamsini. Ongeza, baba, ongeza! wanamtania, naye, fundi wa kutia chumvi, anaona kwamba leo chumvi yake haitoshi. Inabaki moja. Bibi kizee anaipapasa. Hii iliua nini? Haikuua kitu, mama, nilitaka kuwacheka wasomi. Naona. Makali mazuri, lakini kitako kinene hivi, itaingiaje kwenye mpini? Ulifikiria jiwe, ukasahau mti. Anachukua mfupa, ka, ka, vibanzi viwili vinaruka, kimoja kinamkata Kamuyu kidole gumba. Sasa itashika, anasema, nenda nayo.

Wewe Baba Wairuri, utalala mpaka lini? Mgeni yuko langoni! Ni mkewe. Kamuyu anageuza ncha moja moja akitafuta kitako kinene. Hakuna. Zote kumi na mbili zimepunguzwa vitako vizuri. Mapajani kuna vibanzi viwili vinavyong'aa kama vimebanduliwa sasa hivi, na kidole gumba kinavuja damu. Anajaribu kibanzi kwenye kila ncha, na kwenye ya saba kinakaa barabara, kama kifuniko na chungu chake. Lakini kovu kwenye ncha, pale kibanzi kilipobanduka, limefifia, limechakaa kwa ukale ambao magadi hayajawahi kuuweza.

Daktari anapewa mkebe wa ncha kumi na moja. Na hiyo ngumini, mzee? Hii niliichonga mimi. Daktari anaicheka, anaigeuza juani, kicheko kinamwisha. Usinitanie, mzee. Hii ina miaka mingapi? Mama Wairuri anakunja mikono, anangoja uongo wa leo. Kamuyu anatazama kibanzi kile king'aacho, na mle weusini anaiona kofia yake, na chini ya kofia hamna uso.

Sijui, anasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake.